Diski ya Nne

Jumanne ni diski tano kwa bei ya tatu,
ndiyo maana nimezoea kutazama vitu vitano kwa wiki
hata kama vitatu kati yake havitazamiki.

Tuanze na ile ya mpelelezi.
Koti refu, mvua, sigara isiyowashwa.
Dakika ishirini za kwanza sikupumua.
Ya ishirini na moja akaingia jamaa na kikombe cha chai,
na mama mkwe, asiyesikia vizuri ila macho ni ya mwewe,
akasema, "Ni huyu. Tazama anavyokoroga."
Alikuwa huyo.
Saa nzima iliyobaki tulikula machungwa.

Ya mapenzi, sina neno.
Yaani ninalo, ila si la kusemwa mbele ya Bi Kikue.
Wanapendana stesheni, wanaachana stesheni,
wanarudiana unajua wapi.
Nimeishi Nayoro miaka arobaini na miwili;
stesheni yetu ina mashine moja ya kahawa, na upepo.
Hakuna aliyewahi kunikimbilia pale
isipokuwa Teruo, mara moja, nilipoondoka na funguo za gari.
Alikuja na ndara za ndani, kwenye theluji.
Sasa nikifikiri, ile ilikuwa nzuri kuliko filamu.

Ya mzuka haina kichwa wala miguu,
na simsemi mzuka, naisema hadithi.
Mzuka mwenyewe alijitahidi.
Nywele ndefu zinapanda kutoka kwenye tundu la sinki, taratibu,
muziki unalia,
na mimi ninayeosha vyombo vya watoto mia tatu wa shule
nikawaza tu: leteni waya.

Halafu ile ya kigeni, saa tatu, mzee na ng'ombe.
Teruo alilala, akaamka, ng'ombe yuleyule.
"Imekwisha?"
"Bado."
Akalala tena.
Lakini ndiyo niliyokwenda nayo kazini kesho yake:
naosha mchele, naona ule mkono
ukimpapasa ng'ombe shingoni kabla hajauzwa,
ukitafuta pale anapopenda kukunwa.

Ya tano ni tamthilia. Hapo ndipo kuna kesi.

Familia ya watengeneza mchuzi wa soya,
ndugu watatu, wosia mmoja, haujulikani ulipo.
Diski sita. Nilimaliza tatu kwa usiku mbili
na nikabadilisha mchuzi wa nyumbani, nikanunua wa ghali.
Ya nne? "Imekodiwa," akasema Haruma wa kaunta.
Wiki iliyofuata, imekodiwa.
Wiki ya tatu hakusema, alitikisa kichwa.

Kumbe katika mji huu mdogo kuna mtu yuko mbele yangu.
Nikaanza kuwachungulia watu vikapu vyao dukani:
daktari wa meno, chupa mbili za mchuzi. Hm.

Nikampata hamamuni, maji shingoni, taulo kichwani,
Bi Tamae wa posta, akimwaga mtama kwenye kuku wengi:
"Na kumbe mama yao ndiye aliyeuchoma wosia!"
Niliosha nywele mara mbili ili nisiseme kitu.
Kisha nikasema: "Utairudisha lini?"

Akatazama mvuke.
"Ile ya jikoni tu ndiyo ninayoirudia.
Lile dirisha juu ya jiko.
La kwetu lilikuwa hivyohivyo,
kabla hawajajenga bwawa, maji yakapita juu."

Nilikuwa na hasira yangu, nimeitunza wiki tatu.
Sijui niliiweka wapi. Labda kwenye beseni.

Jumanne hii nimekodi ya tano. Nimeruka.
Kwenye skrini majivu, ndugu wanalia, mama ametulia tuli.
Bi Kikue anauliza moshi huo umetoka wapi.
Namwambia ya nne iko kwa mwenyewe,
menya chungwa, mama, utaelewa mbele.